Kununua Wagyu Mombasa: Mwongozo Kamili, Kutoka Buchani Mpaka Kikaangoni

Mara ya kwanza kununua nyama ya wagyu niliinunua kama ninavyonunua nyama ya pilau: nikaenda, nikaonyesha kidole, nikalipa, nikapanda tuktuk. Ilikuwa saa tisa mchana, mwezi wa Februari, na foleni ya daraja la Nyali ilikuwa haisogei. Mfuko nimeupakata. Nilipofika nyumbani Tudor, shahamu ya pembeni ilikuwa imelainika kama samli, karatasi imelowa, na ile michirizi myeupe niliyoilipia pesa zote zile imeanza kufifia. Nikatia mafuta kikaangoni, mafuta juu ya mafuta, na moshi ukajaa nyumba nzima. Mamangu akaonja kipande kimoja, akakisogeza kando ya sahani, akaniuliza, "Mwanangu, hii umeuziwa nyama ama umeuziwa siagi?"

Sikuwa na jibu. Sikujua hata ng'ombe mwenyewe katoka wapi, kwa sababu duka halikunipa karatasi yoyote na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo nimenunua mara kadhaa, nyingine vizuri na nyingine vibaya. Nilichojifunza ni kwamba nyama hii haiharibikii kwenye mapishi peke yake. Huharibika zaidi kabla haijafika jikoni: kwa jina usilolielewa, kwa kipimo kikubwa kuliko haja, na kwa jua la Mombasa.

Kwanza, jua unanunua nini

Neno wagyu ni la Kijapani: "wa" ni Japan, "gyu" ni ng'ombe. Ng'ombe wa Kijapani, basi. Lakini si kila ng'ombe aliyezaliwa Japan huitwa hivyo. Kanuni zao za lebo zinalitenga jina hilo kwa aina nne za ng'ombe na machotara baina yao, na aina kubwa ni ng'ombe weusi, ambao ni zaidi ya asilimia 90 ya wagyu wote. Hawa weusi ndio wenye tabia ya kuweka shahamu ndani ya mnofu wenyewe, si juu yake tu. Ukikata kipande, unaona michirizi myeupe imetambaa ndani ya wekundu kama jiwe la marumaru. Michirizi hiyo ndiyo unayolipia. Mengine yote ni maneno.

Watu huchanganya wagyu na Kobe. Kila Kobe ni wagyu, lakini wagyu nyingi si Kobe. Kobe ni jina la nyama ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima, waliozaliwa, wakalelewa na wakachinjwa ndani ya mkoa wa Hyogo, kisha wakapita kiwango kilichowekwa. Kwa mwaka mzima ni ng'ombe elfu chache tu wanaopita, na wengi wao huliwa hukohuko Japan. Kwa hiyo ukiona mkahawa wa kawaida hapa pwani una "baga ya Kobe", cheka kimoyomoyo, agiza samaki.

Daraja husomwa hivi. Japan wanatumia herufi na nambari. Herufi A, B au C ni habari ya mchinjaji: inaonyesha ng'ombe alitoa nyama kiasi gani ukilinganisha na uzito wa mzoga. Wewe mlaji haikuhusu sana. Nambari, kuanzia 1 mpaka 5, ndiyo ubora, nayo hutazama mambo manne: michirizi ya shahamu, rangi ya nyama, ugumu na ulaini wake, na rangi ya shahamu. Alama ya chini kabisa kati ya hizo nne ndiyo inayokuwa daraja, kwa hiyo ng'ombe hawezi kufaulu kwa shahamu nzuri akaficha rangi mbaya. Ndani ya hapo kuna kipimo kingine cha michirizi peke yake, BMS, kinachokwenda 1 mpaka 12. Daraja la 5 huanzia BMS 8. Maana yake A5 mbili zaweza kupishana sana: moja ya 8, nyingine ya 12, na bei haziko karibu. Duka likikwambia "A5" likanyamaza, uliza BMS ngapi.

Sehemu kubwa ya wagyu inayouzwa nje ya Japan hutoka Australia, nchi yenye kundi kubwa zaidi la ng'ombe hawa nje ya kwao. Wao hawatumii A5. Wana alama za michirizi kuanzia 0 mpaka 9, na zinazozidi hapo huandikwa 9+. Halafu kuna suala la damu. Ng'ombe wa damu kamili ana wazazi wa asili ya Japan pande zote bila mchanganyiko. Aliyeandikwa F1 ni nusu kwa nusu, baba wagyu na mama wa aina nyingine, mara nyingi Angus. Nusu hiyo bado inaweza kuwa nyama tamu sana, na kwa kweli kwa nyama choma ya familia mimi naipendelea. Ila isiuzwe kwa bei ya damu kamili. Na mtu akikwambia "A5 ya Australia", amechanganya vitabu viwili. Ama hajui, ama anatumai wewe hujui.

Swali la pombe najua litakuja, maana kila nikitaja nyama hii barazani kuna mtu ataliuliza: si ng'ombe hawa hunyweshwa bia na kukandwa mwili? Hadithi hiyo imevuma kuliko ukweli wake. Wapo wafugaji wachache waliowahi kutumia bia kuwafungua ng'ombe hamu ya kula wakati wa joto, lakini si desturi ya ufugaji, na bia haileti michirizi. Michirizi huletwa na nasaba, na chakula cha majani makavu ya mpunga, mahindi, shayiri na pumba, kwa muda mrefu: hawa huchinjwa wakiwa na miezi 28 mpaka 30 hivi.

Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sisi tumezoea kununua kwa kilo. Kilo mbili za pilau, kilo ya mchuzi, mifupa ya supu. Ukienda na akili ya kilo kwenye wagyu utalia.

Kwa nyama yenye michirizi mingi, mtu mmoja humtosha gramu 100 mpaka 120. Usinicheke. Baada ya vipande vinne au vitano mdomo unashiba kabla ya tumbo, kwa sababu ya mafuta. Nimewahi kumkatia mjomba wangu, mtu wa kumaliza sinia la biriani, gramu 250 za BMS ya juu. Alifika nusu akaomba chai ya tangawizi. Kwa ile ya Australia ya alama 4 mpaka 6, unaweza kufika gramu 180 au 200 kwa mtu.

Uliza bei kwa gramu 100, si kwa kilo. Tuseme duka linauza kilo kwa shilingi 18,000. Gramu 100 ni 1,800. Watu wanne kwa gramu 120 kila mmoja ni gramu 480, yaani shilingi 8,640. Sasa una nambari ya kuamulia kama ni sherehe ya mwaka au ni jambo la kuahirisha. Uliza pia kama uzito ni kabla au baada ya kupunguza shahamu ya ukingoni. Kipande cha gramu 500 chenye ukingo mnene kinaweza kukuachia nyama ndogo kuliko ulivyodhani. Shahamu hiyo iombe upewe ufungiwe kando, ni yako, umeilipia.

Kuhusu kiungo, yaani sehemu ya ng'ombe: fileti (mnofu wa ndani ya mgongo), ribai (ya mgongoni penye mbavu) na sirloini (nyuma yake, kiunoni) ndizo ghali, na kwa mara ya kwanza nakushauri sirloini. Fileti ni laini kwa ng'ombe yeyote, hata wa Tana River, kwa hiyo unalipa mara mbili kwa ulaini uleule. Ribai ndiyo yenye mafuta mengi kuliko zote. Sirloini ina mafuta lakini bado unatafuna kitu chenye ladha ya nyama. Kama mfuko hauruhusu, omba tako, bega, au ile nyama bapa ya ubavuni. Viungo hivi kwa ng'ombe wetu ni vigumu, ni vya kuchemsha, lakini kwa wagyu huwa laini vya kutosha kuchoma, na bei hushuka sana. Muuzaji mwerevu hupenda mteja anayeuliza habari za bega, kwa kuwa wengi wanakimbilia ribai na bega linamkalia.

Piga simu kabla ya kwenda. Uliza mzigo uliingia lini, umefika ukiwa umegandishwa au ni wa baridi tu, na kama watakukatia unene unaotaka. Steki ya kikaango iwe sentimita 2 mpaka 2.5. Ya kuchovya kwenye supu ya moto, ile Wajapani wanaiita shabu-shabu, iwe nyembamba ya milimita 2, na hiyo hukatwa kwa mashine nyama ikiwa nusu barafu. Usijaribu kwa kisu cha nyumbani, utakata vidole.

Ukiwa mbele ya kaunta

Nenda asubuhi. Duka lina watu wachache, muuzaji ana subira, na jua halijapanda.

Anza na karatasi, usianze na nyama. Nyama ya kweli ya Japan huwa na nambari ya tarakimu 10. Japan ilipopata ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe mwaka 2001, ilipitisha sheria ya kumfuatilia kila ng'ombe tangu kuzaliwa mpaka dukani. Kila ndama hupewa nambari yake, na wale wa ukoo ulioandikishwa hupigwa hata chapa ya pua, maana mistari ya pua ya ng'ombe haifanani na ya mwenzake, kama ilivyo kwa vidole vyetu. Nambari hiyo unaweza kuiandika kwenye tovuti ya kituo chao cha taifa cha uzalishaji mifugo ukiwa umesimama hapohapo kaunta, ikakuonyesha ng'ombe ni aina gani, alizaliwa lini na amelelewa mkoa gani. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo muuzaji mwenyewe alikuja upande wangu wa kaunta kutazama simu. Kwa nyama ya Australia, omba kuona lebo ya boksi la asili: jina la kampuni, nambari ya kiwanda kilichochinja, alama ya michirizi, tarehe ya kufunga. Mazungumzo yawe ya adabu tu:

"Ami, naomba nione boksi lililokuja nayo."

"Boksi tumeshatupa, bwanangu, lakini nyama ni ileile."

Hapo unashukuru, unanunua soseji za watoto, unaondoka. Duka linalouza nyama ya bei hii hulitunza boksi, au angalau picha ya lebo, kama unavyotunza kitabu cha gari.

Halali. Kwa wengi wetu hili ndilo la kwanza, nami nimeliweka baada ya karatasi kwa sababu nalo ni la karatasi. Japan ni machinjio machache tu yenye cheti cha halali, mengi hayana. Kwa hiyo "ni ya Japan" na "ni halali" ni maswali mawili, na kila moja linataka jibu lake. Australia husafirisha nyama nyingi ya halali chini ya utaratibu unaosimamiwa na serikali yao pamoja na taasisi za Kiislamu zilizoidhinishwa, hivyo huko ni rahisi kupata, lakini si kila boksi kutoka Australia ni halali. Tafuta alama kwenye boksi lenyewe, na cheti kinachotaja kiwanda kilekile kilichoandikwa kwenye lebo. Cheti kilichotiwa fremu ukutani ni kizuri, ila kisome: kimeisha muda? Kinahusu duka lote ama ni nyama ya hapa nchini peke yake?

Kisha tazama msumeno. Baadhi ya maduka ya nyama ghali huuza na nguruwe, na kaunta yaweza kuwa mbalimbali lakini msumeno na mashine ya kukata vipande vyembamba ni moja. Uliza waziwazi, bila haya: "Hapa mwakatia nguruwe pia?" Kama ndiyo, chukua kipande kilichofungwa tangu kiwandani, ukikate mwenyewe. Sijapata kuona muuzaji aliyekasirishwa na swali hili Mombasa. Aliyekasirika, basi umejibiwa.

Sasa nyama. Kama imefungwa katika plastiki iliyofyonzwa hewa, itakuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Usiogope, ni ukosefu wa hewa. Ukiifungua, ndani ya dakika 20 au 30 itageuka nyekundu. Inaweza pia kutoa harufu ya uchachu kidogo ikifunguliwa, nayo huondoka baada ya muda mfupi. Harufu isiyoondoka, au utelezi unaonata vidoleni, ni nyama iliyokwisha. Tazama na mfuko: ukiwa umevimba umejaa hewa, uache. Maji mengi mekundu chini ya mfuko yaweza kuonyesha nyama iliyoganda, ikayeyuka, ikagandishwa tena. Na mabaka makavu ya kijivu ukingoni ni ishara kwamba imekaa kwenye friza siku nyingi bila kufungwa vizuri.

Halafu michirizi yenyewe. Iwe myembamba, mingi, imetapakaa bila mpangilio kama mizizi ya mkoko. Michirizi minene michache ni shahamu ya kawaida iliyopita katikati ya misuli. Michirizi iliyonyooka sana, yenye kulingana, kama imepigwa kwa chanuo, itilie shaka: ipo nyama inayochomwa sindano za shahamu ya ng'ombe ili ionekane ya daraja la juu. Hata Japan nyama hiyo huuzwa, lakini huko hutakiwa kuandikwa hivyo. Rangi ya shahamu iwe nyeupe au ya maziwa. Ya manjano ni ya ng'ombe aliyekula majani, kama wa kwetu. Si kasoro, ila si A5.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Omba kipunje cha shahamu ya pembeni, ukisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Shahamu ya wagyu huyeyuka kwa joto la mkono tu, ikakuachia vidole laini kama umepaka mafuta ya nazi. Ya ng'ombe wa kawaida hubaki imeganda na kunata. Haliwezi kukwambia ni daraja gani, lakini muuzaji akikuona unalifanya, maneno yake hupungua.

Mizani isome sufuri karatasi ikiwa tayari juu yake. Kwa nyama ya shilingi 1,800 kwa gramu 100, karatasi na kitrei vya gramu 15 ni shilingi 270 za hewa. Risiti iandikwe jina kamili: nchi, kiungo, daraja. "Nyama" peke yake kwenye risiti haitakusaidia ukirudi na malalamiko.

Safari ya kurudi nyumbani

Shahamu hiyohiyo iliyoyeyuka vidoleni mwako itayeyuka kwenye tuktuk. Hili hutalisoma katika maelekezo ya watu wa nchi za baridi, kwa sababu kwao halipo.

Nenda na boksi la barafu, lile la wavuvi au la pikiniki. Huna? Boksi jeupe jepesi la kusafirishia samaki linapatikana kwa wauza samaki kwa pesa kidogo, lioshe tu kwa sabuni na ndimu, la sivyo wagyu yako itanuka changu. Barafu iwe ndani ya mifuko iliyofungwa, nyama iwe kwenye mfuko wake, baina yao weka gazeti. Usiruhusu nyama iliyokatwa iguse maji ya barafu. Kama unavuka Likoni, hesabu foleni ya feri pia. Kama unakwenda Mtwapa jioni, hesabu Bamburi yote. Usimtume bodaboda kuichukua peke yake, isipokuwa umempa boksi, maana yeye atapitia petroli, atapitia kwa rafiki yake, na mfuko umening'inia kwenye usukani juani.

Wanaoagiza kutoka Nairobi hupenda basi la usiku, na kwa nyama iliyogandishwa ndani ya boksi zito hilo hufaa. Ipokee mwenyewe alfajiri, uishike kabla hujatia sahihi. Ikiwa imelegea, kataa.

Friji, friza na stima

Nyama ya baridi iliyofungwa kiwandani iliwe ndani ya tarehe ya lebo yake, ikikaa kwenye friji kati ya nyuzi 0 na 4, sehemu ya chini kabisa, si mlangoni. Iliyokatwa dukani ikafungwa karatasi, ipike siku hiyo au kesho yake. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sufuri.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, saa 24 kwa steki nene, ikiwa bado imefungwa. Si juani, si kwenye karo, si kwenye maji moto. Ikishayeyuka usiigandishe tena.

Stima ikipotea, usifungue friza kila mara kuangalia. Iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, kwa sharti mlango usifunguliwe. Mimi huziba nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, hata siku za kawaida.

Kupika

Sahau karibu yote unayoyafanyia nyama ya mishkaki. Papai bichi la kulainishia usilitie kabisa. Nyama hii ni laini tayari, papai litaigeuza uji. Hakuna tangawizi na kitunguu saumu cha kulaza usiku. Mapishi ya Kijapani hutaka sake, pombe ya mchele, na mirin, ile tamu ya kupikia, na vyote viwili vina pombe. Wasiokunywa wala kupikia wasihangaike kutafuta mbadala wa bei, maana steki haihitaji sosi. Chumvi ya bahari ya chembe kubwa, kama ile ya Gongoni, na ndimu ya kupunguzia mafuta. Nimejaribu na achari ya maembe ya mamangu, na kwa maoni yangu inaishinda wasabi, kile kiungo kikali cha Kijapani.

Vitabu husema iache nyama nje saa nzima kabla ya kupika. Hayo ni ya nyumba zenye nyuzi 18. Kwetu nje ni nyuzi 30, kwa hiyo dakika 10 zatosha, au itoke friji moja kwa moja. Ipanguse kavu kwa karatasi ya jikoni, kwa sababu hewa yetu ya unyevu huifanya itoe jasho mara moja, na nyama yenye maji haipati ukoko.

Kikaango cha chuma kizito, moto wa juu kiasi, bila mafuta. Chukua kipande cha shahamu ulichofungiwa, ukipitishe kikaangoni mpaka king'ae. Weka nyama, usiiguse. Steki ya sentimita 2 huchukua dakika moja na nusu hadi mbili kila upande. Mafuta yakizidi, yamwage kwenye kibakuli. Kama una kipimajoto, itoe ikifika nyuzi 57 hivi kwa wapendao ya wekundu. Ukitaka kuwa salama zaidi, au kuna mjamzito au mzee mezani, ifikishe 63 na uipumzishe dakika 3. Nyama nyingine ikifika hapo huwa kavu, hii bado ina mafuta ya kuivumilia. Ya kusaga ifike 71, hata kama ni ya ng'ombe gani.

Yule atakayesema "bado ina damu" mweleze kwamba damu humwagika wakati wa kuchinja. Wekundu unaobaki ni protini ya misuli inayobeba oksijeni, pamoja na maji ya nyama. Asiposhawishika, irudishe motoni kipande chake tu, usigombane, mlo si mahakama.

Jiko la mkaa linawezekana lakini lina hila: mafuta hudondoka, moto hulipuka, nyama hupata masizi. Mkaa uwe umeiva mweupe, usogezwe upande mmoja, na uwe na nafasi ya kukimbizia nyama miali ikipanda. Usiipepee. Na usiondoke kwenda kupokea simu.

Ikishatoka, ipumzishe dakika 3 mpaka 5, kisha ikate vipande vya upana wa kidole, kuvuka nyuzi zake. Kila mtu apate vipande vitano au sita, na wali mweupe mtupu, si wa nazi. Nazi na mafuta haya ni mizigo miwili kwenye mgongo mmoja. Kachumbari ya siki iwe karibu.

Mafuta yaliyobaki kwenye kibakuli yachuje, yatie kwenye chupa ndogo, yaweke friji. Asubuhi wali uliolala ukaangie kijiko kimoja cha mafuta hayo, pamoja na kitunguu kibichi na yai. Mamangu, ambaye mpaka leo hali steki hiyo, wali huo huamka mapema kuuwahi.